Kufinyika kwa Kikoromeo na Dawa Yake

Miongoni mwa maradhi yasiyotajwa sana majumbani, lakini yakiingia katika nyumba huwanyima usingizi wote waliomo, ni kufinyika kwa kikoromeo, yaani kupungua kwa upana wa ile njia ya pumzi iliyo ndani ya koo. Tumekusudia kuyaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba watu wengi huyadhania kuwa ni pumu, na mgonjwa huenda akatumia dawa za pumu miaka kadha wa kadha pasipo faida. Ya pili ni kwamba wangali wako wazee wanaompeleka mtoto mwenye shida ya pumzi kwa fundi wa kukata kimeo, na kwa kufanya hivyo hupoteza siku ambazo mtoto huyo hana za kupoteza.

Kikoromeo, au zoloto kama waitavyo wataalamu, ni sanduku dogo la gegedu lililoko mbele ya shingo. Gegedu ni ule mfupa laini kama wa sikio. Mtu akitaka kulijua na aweke kidole chini ya kidevu, kisha akishushe polepole mpaka agote kwenye kitu kigumu kinachopanda na kushuka kila amezapo mate. Ndani ya sanduku hilo zimo nyuzi mbili za sauti. Mtu anapovuta pumzi, nyuzi hizo huachana ili hewa ipite; anaposema, hukaribiana na kutetemeka, na hapo ndipo itokapo sauti. Juu yake pana kifuniko kinachoziba njia wakati wa kumeza ili chakula kisipotee njia. Vijana wanaosoma tajwidi chuoni wanakijua kiungo hiki hata kama hawajui jina lake, kwa maana zile hamza na he ambazo mwalimu huwaambia zatoka mwisho wa koo, hutoka hapo hapo.

Sasa, chini kidogo ya nyuzi za sauti ipo pete ya gegedu iliyo kamili mzunguko wake wote. Pete nyingine za bomba la pumzi ziko wazi kwa nyuma, kwa hiyo huweza kuachia kidogo. Hii haiachii hata chembe. Nyama ya ndani ikivimba haina pa kwenda ila ndani, kwenye njia ya hewa. Katika mtoto aliyezaliwa karibuni upana wa njia hiyo hauzidi sana milimita 4. Uvimbe wa milimita 1 tu kuizunguka hugeuza tundu la milimita 4 kuwa la milimita 2, yaani robo tu ya nafasi iliyokuwapo, na kwa hesabu ya wanafizikia ugumu wa kupitisha hewa huongezeka mara 16. Mtu mzima akipata uvimbe kama huo huo huenda asihisi zaidi ya sauti kukwaruza. Ndiyo maana mafua yanayomfanya baba aseme kwa sauti nzito yaweza kumpeleka mtoto wake mchanga hospitali usiku wa manane.

Basi mzazi atatambuaje? Asikilize. Mwenye pumu, aghalabu, mlio wake hutoka anapotoa pumzi, nao hutoka kifuani. Mwenye kikoromeo kilichofinyika mlio wake ni wakati wa kuvuta pumzi ndani. Ni mlio mkali unaotoka kooni, na katika hali iliyozidi husikika wakati wa kuvuta na wa kutoa. Asiishie kusikiliza, amvue mtoto nguo na kumtazama. Akiona kishimo kilicho juu ya mfupa wa kifua kinadidimia, na nafasi zilizo baina ya mbavu zinaingia ndani kila pumzi, ajue kwamba mtoto anafanya kazi kubwa kwa jambo ambalo yapasa liwe jepesi. Mtoto mchanga huliacha ziwa kila mara ili ahemee, na uzito wake haupandi. Mtu mzima huanza kuona ngazi za nyumba yake mwenyewe zimekuwa ndefu.

Hapa tunaomba mama na bibi watusikilize vizuri. Mtoto aliyekuwa akipiga mlio mkubwa, kisha mlio ukapungua naye akalegea na kusinzia, midomo ikaingia rangi ya buluu au kijivu, huyo hakupata nafuu. Amechoka. Hewa inayopita imekuwa kidogo hata haiwezi tena kupiga mlio. Asingojewe asubuhi, wala asitiwe kidole au kijiko kooni kumwangalia, kwani kumliza na kumchokoza kwaweza kuiziba njia iliyobaki. Abebwe vile vile alivyopenda kukaa, mikononi mwa mama yake, apelekwe hospitali.

Ama kuhusu kimeo, jambo lenyewe ni wazi kwa mwenye kutaka kuona. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, nacho huonekana mtu akiachama. Kikoromeo kiko chini zaidi, ndani ya shingo, wala hakionekani kwa macho matupu. Kukata cha juu hakupanui cha chini. Mafundi hao hutumia wembe au kisu kwa mtoto ambaye pumzi zake tayari ni za tabu, na matokeo yanayojulikana hospitalini ni damu isiyokatika, vidonda kuoza na damu kuingia mapafuni. Twajua kwamba desturi hii imeenea katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na kwamba wanaoifuata hawana nia mbaya. Lakini nia njema haizuii damu kutoka.

Tuje kwenye asili ya maradhi. Wako watoto wanaozaliwa na njia nyembamba, au na utando uliounganisha nyuzi za sauti. Hao si wengi. Walio wengi zaidi ni wale ambao kikoromeo chao ni laini mno tangu kuzaliwa, hata kila wakivuta pumzi sehemu za juu huangukia ndani na kutoa mlio, hasa wakilala chali au wakilia. Hilo si kufinyika kwa kweli, na kwa wengi wao huisha lenyewe kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto wa namna hiyo akiwa ananyonya vizuri na uzito unapanda, mzazi hana haja ya kuwa na hofu, ila amwonyeshe kwa daktari mara moja ili ijulikane kwa yakini. Uzito usipopanda, mambo ni mengine.

Kisha kuna uvimbe wa ghafula uletwao na virusi vya mafua, wenye kikohozi kinachofanana na kubweka kwa mbwa, ambao huwapata sana watoto baina ya miezi 6 na miaka 3. Dozi moja ya dawa ya deksamethazoni aghalabu hutosha kuutuliza, na aliyezidiwa hupewa hewa ya adrenalini ya kuvuta. Kumfukizia mtoto mvuke wa maji ya moto hakujathibitika kuwa na faida, na watoto wangapi wamemwagikiwa na sufuria!

Katika zama zilizopita, jina lililowatetemesha wazazi lilikuwa dondakoo. Ugonjwa huu huotesha utando mzito wa kijivu kooni mpaka ukaziba njia, na mtoto akafa kwa kukabwa huku ana fahamu zake. Daktari Joseph O'Dwyer wa New York, baada ya kuwaona wengi wakifa hivyo katika hospitali ya watoto waliotupwa, alitengeneza vibomba vya madini vya kupitishwa mdomoni mpaka kikoromeoni, na mwaka 1885 akaitangaza kazi yake. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato wakaeleza habari ya dawa inayoivunja sumu ya ugonjwa huo, na baadaye ikaja chanjo. Leo kinga ya dondakoo imo katika sindano anazopewa mtoto wa Tanzania akiwa na wiki 6, 10 na 14. Asidhani mtu kwamba adui huyu amekwisha kuzikwa. Mwaka 2017 alizuka katika kambi za Warohingya huko Bangladesh, na mwaka 2023 katika Nigeria, Kano ikiwa ndiyo iliyopigwa zaidi. Pote pawili waliougua walikuwa hasa wale ambao hawakuchanjwa au hawakumaliza chanjo.

Na sasa twafika kwenye sababu ambayo katika siku zetu inazishinda nyingine zote, nayo ina ajabu yake, kwani imetokana na matibabu yenyewe. Mgonjwa mahututi asiyeweza kupumua hupitishwa mpira mdomoni au puani, ukavuka nyuzi za sauti na kuingia katika bomba la pumzi, kisha mashine humvutia hewa. Mwaka 1965 madaktari McDonald na Stocks wa Melbourne, Australia, walieleza jinsi walivyoweza kuuacha mpira huo kwa siku nyingi katika koo za watoto bila ya kuwatoboa shingo. Tangu hapo maelfu kwa maelfu ya vichanga waliozaliwa kabla ya wakati wameokolewa. Lakini mpira unaogandamiza nyama laini juu ya ile pete isiyotanuka huzuia damu kufika. Nyama hufanya kidonda, kidonda hupona kwa kovu, na kovu, kama lilivyo kovu lolote, hujikunja. Waliougua uviko katika mwaka 2020 na 2021 na kukaa juma nyingi juu ya mashine, baadhi yao walirudi hospitali baadaye kwa sababu hiyo hiyo.

Hatusemi haya ili watu waukimbie mpira wa pumzi. Aliyewekewa alikuwa anakufa, na kovu ni afadhali ya kaburi. Twayasema kwa sababu dalili haziji siku ile ya kutoka hospitali. Huja baada ya wiki kadhaa, hata miezi, wakati ndugu wamekwisha kumshukuru Mungu na kusahau. Mgonjwa huanza kuhema na kupiga mlio, na akifika zahanati anaambiwa ana pumu. Basi mzazi au mke au mume asikose kumwambia daktari neno hili: "Huyu aliwahi kuwekewa mpira wa kupumulia, mwezi fulani, kwa siku kadha." Neno hilo moja laweza kufupisha safari ya miaka.

Sababu nyingine ni vinyama mfano wa chunjua vinavyoota juu ya nyuzi za sauti. Vinatokana na virusi vya papiloma, aina ya 6 na ya 11, ambavyo mtoto huvipata kwa mama yake, hasa wakati wa kuzaliwa. Mama asilaumiwe, maana virusi hivi vimeenea mno duniani na wengi wanavyo pasipo kujua. Dalili ya kwanza ni sauti ya mtoto kukauka na kuwa ya kwaruzo, ikazidi mwezi hata mwezi, na pengine mwalimu wa chuo ndiye huwa wa kwanza kuitambua pale mtoto anaposhindwa kuinua sauti katika kisomo. Sauti iliyokauka kwa zaidi ya mwezi mmoja, kwa mtoto au mkubwa, yapasa itazamwe na daktari wa masikio, pua na koo. Kwa mtu mzima, hasa mvuta sigara, huenda ikawa ni mwanzo wa saratani, ambayo ikiwahiwa hutibika vizuri. Vinyama vya papiloma huondolewa, navyo hurudi, na wako watoto waliopasuliwa mara nyingi kabla ya kubaleghe. Nchi ya Australia ilipoanza kuwachanja wasichana wake mwaka 2007 kwa chanjo yenye kinga ya aina hizo mbili, watoto wenye vinyama hivi walipungua sana. Si kila chanjo ya virusi vya papiloma inazo aina hizo, kwa hiyo si vibaya kuuliza.

Iko pia hatari ya jikoni. Soda kali ya kutengenezea sabuni na dawa za kuzibulia mabomba huunguza koo lote, na makovu yake ni mabaya kuliko yote. Mara ngapi tumeona majumbani vitu hivyo vikitiwa katika chupa ya soda na kuwekwa chini ya meza! Daktari Chevalier Jackson wa Marekani, baada ya kuwatibu watoto wengi waliokunywa maji kama hayo, alishindana miaka mingi mpaka ikatungwa sheria mwaka 1927 ya kuwalazimisha wauzaji kubandika neno "sumu". Jackson huyo huyo ndiye aliyewaonya wapasuaji wenzake, mwaka 1921, kwamba kutoboa shingo mahali palipo juu mno, karibu na ile pete, ndiko kulikokuwa chanzo kikubwa cha kufinyika kwa kikoromeo katika siku zao. Wapasuaji wakashusha mkono, na wagonjwa wa namna hiyo wakapungua.

Zipo sababu nyingine, kama ajali za pikipiki na kifua kikuu cha kooni, na iko namna moja inayowapata wanawake wa makamo karibu peke yao, ambayo asili yake haijajulikana.

Katika matibabu, jambo la kwanza ni kutazama. Daktari hupitisha kamera nyembamba, na kwa uchunguzi kamili mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi. Hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam na Kenyatta ya Nairobi zina mabingwa wa kazi hii. Kufinyika hupimwa kwa daraja nne: ya kwanza ni njia iliyozibika isiyozidi nusu, ya pili mpaka asilimia 70, ya tatu mpaka 99, na ya nne ni iliyozibika kabisa. Wa daraja ya kwanza mara nyingi huangaliwa tu. Kovu jembamba laweza kukatwa kwa miali ya leza, au njia ikatanuliwa kwa puto linalojazwa kwa muda mfupi, na kazi hiyo huenda ikarudiwa. Kovu nene halitoshelezwi na puto. Hapo hufunguliwa kikoromeo, na kipande cha gegedu kilichotolewa katika ubavu wa mgonjwa mwenyewe kikapachikwa ili kuipanua pete. Ufundi huu uliendelezwa hasa na Robin Cotton wa Cincinnati, Marekani, tangu miaka ya 1970. Njia nyingine ni kuikata sehemu iliyofinyika na kuunganisha kilicho kizima na kizima.

Lakini kabla ya hayo yote, mara nyingi daktari atataka kutoboa tundu shingoni, chini ya mahali palipofinyika, ili mgonjwa apumue huku akingoja. Hapo ndipo familia nyingi husita. Husema kwamba mtoto atakuwa bubu, au kwamba akishatobolewa hatapona. Twaelewa hofu hiyo, ila haina msingi. Abulqasim az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, ameandika habari za kijakazi aliyejikata koo kwa kisu, hewa ikawa inatoka kwenye jeraha. Akamshona, akapona, asibakiwe na kitu ila sauti ya kukwaruza, na kwa hilo az-Zahrawi akatambua kwamba kulikata bomba la pumzi si lazima kuue. Karne iliyofuata Ibn Zuhr wa Sevilla alimkata mbuzi bomba la pumzi kwa kusudi la kujaribu, akawa anakiosha kidonda kwa maji na asali mpaka kikapona. Kama mabingwa wale waliona hivyo bila ya nusukaputi na bila ya dawa za kuua vijidudu, sisi tunaosita leo tunaogopa nini? Mtoto mwenye tundu hula, hucheza na husoma. Wengi husema pia, kwa kuziba tundu kwa kidole au kwa kifuniko maalumu, ikiwa iko nafasi ya hewa kupanda juu, na njia ikishapanuliwa tundu hufungwa.

Kazi iliyopo ni ya nyumbani. Bomba lake hujaa ute, na ute ukikauka huliziba, kwa hiyo lazima linyonywe kwa chombo na kuwekwa unyevu. Mama na mtu mwingine mmoja wa nyumbani, si mama peke yake, wafundishwe hospitalini namna ya kulibadilisha, wala wasikubali kutoka kabla hawajafanya wenyewe kwa mikono yao. Bomba la akiba likae karibu na mtoto usiku na mchana, pamoja na lingine lililo dogo kidogo kuliko hilo. Asiachwe na mtoto mwenziwe wa kumlea. Moshi wa jiko, vumbi la ufagio na manyoya ya kuku viwe mbali naye. Kuogelea ni marufuku.

Kuhusu maji ya ibada: udhu hauna shida, kwa kuwa uso unaooshwa huishia kidevuni na shingo si katika viungo vya lazima. Penye shida ni kuoga. Mgonjwa mkubwa aliyepaswa kuoga josho asijimiminie maji kichwani, kwani yakiingia tunduni yanakwenda moja kwa moja mapafuni. Ajifute au ajimwagie kuanzia mabegani kwenda chini, kichwa akioshwe kwa kukiinamisha na mtu wa kumsaidia, na kwa mahali ambapo maji hayawezi kufikishwa bila ya madhara amwulize sheikh wake, akimweleza wazi tundu liko wapi na linafanya kazi gani.

Mwezi ujao, inshallah, tutaeleza juu ya vitu vinavyowapalia watoto, kama karanga, sarafu na betri ndogo za saa, na namna ya kumsaidia aliyepaliwa kabla ya kumfikisha kwa daktari.